Sarafu za Kale Katika Hewa ya Pwani

Vitabu vingi vinavyoeleza utunzaji wa sarafu vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, ambako nyumba hupashwa moto kwa miezi mingi na hewa ya ndani huwa kavu, na kwa sababu hiyo vitabu hivyo huanza na mwizi, huendelea na moto, kisha huugusa unyevu kwa aya moja au mbili. Kwa mkusanyaji anayeishi Tanga, Mombasa, Unguja, Kilwa au Lindi, mpangilio huo unastahili kupinduliwa. Mwizi huenda asije maisha yote, lakini hewa ya pwani huingia ndani kila siku ikiwa imebeba mvuke wa maji na chembe za chumvi ya bahari, na viwili hivyo vikikutana juu ya metali huanza kuila, kwa mwendo wa polepole ambao mwenye mali hauoni mpaka madhara yawe yamekwisha kutokea.

Kipimo kinachohusika hapa ni unyevu nisbia, yaani kiasi cha mvuke kilichomo hewani kikilinganishwa na kiasi cha juu kabisa ambacho hewa ya joto lilelile inaweza kukibeba. Katika miji ya mwambao wa Tanzania na Kenya unyevu huo hukaa juu ya asilimia 70 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na alfajiri hupanda zaidi, ilhali wahifadhi wa makumbusho hupenda metali zikae kwenye hewa ya asilimia 40 au chini ya hapo. Mkazi wa Dodoma ana nafuu kubwa isiyotokana na juhudi yake yoyote. Mkazi wa pwani hana budi kuitengeneza nafuu hiyo ndani ya kisanduku, kwa kuwa kuitengeneza katika nyumba nzima ni gharama ambayo watu wachache wanaimudu.

Ugumu wa pili unatokana na sarafu zenyewe, ambazo katika ukanda huu ni za metali nyingi mno. Sarafu ndogo za shaba za masultani wa Kilwa, zikiwemo zile zenye jina la Ali bin al-Hasan, hazina tabia moja na riale ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha ya Austria yenye uzito wa gramu 28 hivi na usafi wa sehemu 833 katika 1,000, ambayo iliendelea kupigwa ikiwa na mwaka uleule wa 1780 hata baada ya malkia huyo kufariki, na ikatumika katika biashara ya Zanzibar, Oman na Uhabeshi. Baada ya hizo zipo pesa za shaba za Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, zenye picha ya mizani na mwaka 1299 wa Hijria, unaoangukia 1881 na 1882. Zipo rupia za fedha na heller za bronzi za utawala wa Kijerumani. Zipo sarafu za dharura zilizopigwa Tabora mwaka 1916, wakati Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuwa vimeifungia koloni hiyo ya Kijerumani njia ya bahari. Ipo shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza 1921, ambayo fedha yake ilikuwa robo tu. Zipo senti zenye tundu katikati. Na zipo sarafu za nchi huru, kama thumni ya Tanzania ya mwaka 1966 yenye picha ya sungura. Katika nyumba nyingi zote hizo hukutwa ndani ya kibubu kimoja au kopo la biskuti, zikigongana kila linaposogezwa.

Kuziweka sarafu pamoja na kuzificha ni desturi ya kale mno hapa. Mwaka 1984 wanaakiolojia waliokuwa wakichimba Mtambwe Mkuu, katika kisiwa cha Pemba, walifukua hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu, zilizokuwa zimefukiwa kwa muda wa karibu miaka elfu moja. Kama njia ya kuwakwepa watu, ardhi ilifanya kazi yake vizuri kuliko sanduku lolote la chuma. Kikemia, hata hivyo, udongo wa pwani ni ghala baya, kwa kuwa una maji na kloridi, yaani chumvichumvi za klorini kama ile ya mezani, na karibu kila sarafu ya shaba inayotoka humo hutoka ikiwa tayari imebeba ndani yake mbegu ya kuharibika baadaye.

Dhahabu ndiyo isiyosumbua. Haiungani na oksijeni wala na salfa, na ingekuwa safi isingehitaji ulinzi wowote zaidi ya kutokwaruzwa, lakini sarafu za dhahabu ni nadra kuwa safi. Rupia 15 za Tabora, zile za mwaka 1916 zenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, zilipigwa kwa dhahabu ya machimbo ya Sekenke iliyochanganywa na metali nyingine kwa kiasi cha robo nzima, na ni hiyo robo inayoweza kutoa madoa mekundu.

Fedha huogopa salfa kuliko maji. Kiasi kidogo mno cha gesi ya salfaidi ya hidrojeni hewani, kisichoweza hata kunusika, hutosha kuifunika kwa salfaidi ya fedha, ambayo huanza kwa rangi ya manjano, ikageuka kahawia, zambarau na buluu, na mwisho ikawa nyeusi. Gesi hiyo hutoka katika vitu visivyoshukiwa: mpira wa kufungia noti, kitambaa cha sufu, baadhi ya karatasi na kadibodi za bei nafuu, mayai yanayopikwa jikoni. Mpira uliozungushwa kwenye fungu la rupia huacha mstari mweusi mahali ulipogusa, na mstari huo hauondoki bila kuondoka na sehemu ya sarafu. Lakini utando mwembamba uliokua polepole kwa miaka mingi si ugonjwa. Huilinda fedha iliyo chini yake, na wakusanyaji wengi huilipia sarafu yenye utando wa namna hiyo bei kubwa kuliko ile iliyong'arishwa. Shilingi ya 1921 hadi 1946, ijapokuwa huitwa ya fedha, ifikiriwe zaidi kuwa ya shaba, kwa sababu shaba ndiyo iliyo nyingi ndani yake.

Aina nyingine zina udhaifu wake. Shaba ya manjano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba na zinki na ndiyo iliyotumiwa kwa sehemu ya sarafu za heller 20 za Tabora, hupoteza zinki yake kwenye mazingira ya chumvi na kuacha mabaka ya rangi ya waridi. Alumini hujifunika oksidi inayoikinga, lakini kloridi huutoboa utando huo na kuacha vishimo vyenye unga mweupe; senti za alumini zilizotolewa mwaka 1907 kwa ajili ya himaya za Uingereza za Afrika Mashariki na Uganda zilikaa katika mzunguko kwa muda mfupi tu, na kuanzia 1909 mahali pake pakachukuliwa na sarafu za mchanganyiko wa shaba na nikeli. Sarafu nyingi za miaka ya karibuni ni chuma kilichofunikwa kwa nikeli au shaba, jambo linalojulikana mara moja kwa sumaku, na hizo hubaki nzuri kabisa mpaka pale ganda la juu linapokwaruzwa na kutu kupata mlango. Metali mbili tofauti zinapogusana mahali penye unyevu na chumvi, ile iliyo dhaifu kikemia huliwa kwa kasi zaidi kuliko ambavyo ingeliwa ikiwa peke yake, na hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya kibubu.

Ugonjwa unaostahili kuelezwa kwa urefu ni ule wa shaba na bronzi, kwa sababu ndio unaoua sarafu nyingi zaidi za pwani na ndio unaoeleweka vibaya zaidi. Pesa ya Barghash iliyotunzwa vizuri, ikitazamwa kwa kioo cha kukuzia, huwa na ngozi ya kahawia iliyokolea, ngumu na laini, ambayo imeshikamana na shaba kiasi kwamba herufi za Kiarabu bado zina kingo zake. Ngozi hiyo ni oksidi, na ni rafiki. Wakati mwingine ngozi huwa ya kijani, nayo ikiwa ngumu na imetulia haina neno. Pesa iliyougua huonyesha kitu kingine: katika mabonde ya herufi, na hasa kando ya vitanga vya mizani, hujitokeza vidoa vya kijani kilichopauka vyenye unga mwepesi, unaotoka kwa kuguswa na ncha ya kijiti cha meno, na chini yake pana kishimo. Unga ukifutwa, hurudi baada ya siku au wiki chache.

Chanzo cha unga huo ni kloridi iliyojificha ndani ya shaba. Maji na oksijeni vikiifikia, hubadilika kuwa ule unga wa kijani, na katika kubadilika huko huzalishwa asidi ya hidrokloriki, ambayo huishambulia shaba nzima iliyo karibu na kutengeneza kloridi nyingine, nayo husubiri maji na oksijeni zaidi. Mzunguko huo hauna mwisho wa kawaida isipokuwa shaba imekwisha au maji yamekosekana. Kwa kuwa oksijeni haiwezi kuzuiwa kwa urahisi nyumbani, kinachobaki mikononi mwa mkusanyaji ni maji: hewa inayoizunguka sarafu ikishushwa chini ya asilimia 40 ya unyevu nisbia, mzunguko husinzia, na sarafu inaweza kukaa hivyo kwa miongo mingi. Makumbusho hutumia pia dawa za kuiondoa au kuifunga kloridi, lakini dawa hizo zina sumu au zinahitaji vipimo, na mtu asiye na mafunzo atafanya vyema kuitenga sarafu inayougua, kuiondolea unga kwa kijiti cha mti, kuikausha, na kuishia hapo. Kutenga ni kwa ajili ya ule unga na asidi yake, ambavyo vikimwagikia sarafu za jirani huzipelekea kloridi.

Baada ya hewa, mharibifu mkubwa ni mkono wenye nia njema. Katika nyumba za pwani sinia, birika na vyetezo vya shaba vimesafishwa tangu zamani kwa ndimu, ukwaju, majivu na mchanga laini, na matokeo yake kwa vyombo ni mazuri, kwani chombo kinatakiwa king'ae na kina unene wa kutosha kuvumilia kusuguliwa kila mwaka. Sarafu iliyopitishwa katika ndimu hutoka na rangi ya waridi isiyo ya kawaida, kwa kuwa asidi imeuyeyusha utando wa kahawia na kuingia katika shaba yenyewe, na ndani ya miezi michache hubadilika tena kwa mabaka mabaka, kwa sura mbaya kuliko ile ya mwanzo. Sarafu iliyosuguliwa kwa dawa ya meno au kwa dawa ya kung'arishia shaba huonyesha chini ya kioo mikwaruzo midogo isiyohesabika inayoelekea upande mmoja, na mnunuzi mzoefu huitambua kwa kuigeuza mara moja tu mbele ya taa.

Kinachopotea hapo ni mng'ao wa kupigwa. Sarafu inapopigwa, metali hubanwa kati ya mihuri miwili na kutiririka kutoka katikati kuelekea ukingoni, ikiacha mifereji midogo mno isiyoonekana kwa macho matupu. Ni mifereji hiyo inayofanya mwanga uzunguke kama miali ya gurudumu pale sarafu mpya inapoinamishwa. Ikisha kusuguliwa haitengenezeki tena kwa ufundi wowote. Hata njia inayosifiwa ya kuiweka fedha katika maji ya moto yenye soda ya kupikia juu ya karatasi ya alumini, ambayo kweli huuondoa weusi bila kusugua, huiacha sarafu ikiwa na weupe mfu usio na kina. Kwa sarafu yenye thamani, ushauri wa kutosafisha kabisa ndio ulio salama, na wakusanyaji wapya huupinga kwa muda kabla ya kuukubali kwa hasara.

Yako mambo mawili yanayoruhusiwa. Udongo na chumvi inayoyeyuka vinaweza kulainishwa kwa kuilowesha sarafu katika maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kwa jina la maji ya betri, na kuyabadilisha kila siku. Maji ya bomba hayafai kwa sababu yana klorini, na mnunuzi ahakikishe hakuuziwa asidi ya betri, ambayo huuzwa kwenye duka hilohilo katika chupa zinazofanana. Mafuta, gundi na ute wa plastiki huondolewa kwa asetoni safi, kimiminika ambacho huyeyusha vitu hivyo bila kuigusa metali. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha si badala yake, kwani mara nyingi ina manukato na mafuta. Asetoni hushika moto kwa wepesi wa kutisha, kwa hiyo hutumiwa katika bakuli la kioo, madirisha yakiwa wazi, mbali na jiko, na sarafu huachwa ikauke yenyewe juu ya kitambaa laini bila kufutwa.

Kuhusu kushika, kanuni ni fupi: sarafu hushikwa kwenye ukingo, kati ya kidole gumba na cha shahada, juu ya kitambaa kilichokunjwa ili ikiponyoka isiangukie sakafu ya saruji. Jasho lina chumvi na asidi, na alama ya kidole iliyoachwa leo juu ya shaba nyekundu huonekana baada ya miezi kama doa la kahawia lenye mistari yote ya ngozi, ambalo halitoki.

Plastiki zinahitaji uangalifu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu zinazopatikana kwa urahisi ndizo mbaya. Vifuko laini vinavyopindika, vyenye harufu kali kama ya pazia jipya la bafuni, hutengenezwa kwa kloridi ya polivinili, inayofahamika zaidi kwa herufi PVC, ikiwa imechanganywa na mafuta ya kuilainisha. Katika joto la pwani mafuta hayo hutoka taratibu na kuifunika sarafu kwa ute wa kijani unaonata, na plastiki yenyewe ikizeeka huachia asidi ya hidrokloriki, ileile inayochochea ugonjwa wa shaba uliokwisha kuelezwa. Bahati nzuri ni kwamba vyombo vingi vya plastiki vina tarakimu ndani ya pembetatu ya mishale chini yake. Namba 3 ni PVC na iepukwe. Namba 1, aina ya poliesta inayotengeneza pia chupa za maji, pamoja na namba 2 na 4 za polithini na namba 5 ya polipropilini, hazina klorini wala mafuta hayo. Karatasi ngumu zenye dirisha la poliesta, ambazo hukunjwa juu ya sarafu na kubanwa kwa pini za stepla, ni nzuri na za bei ndogo, ila pini hizo hushika kutu haraka karibu na bahari, kwa hiyo hubanwa mbali na sarafu, hulazwa bapa kwa koleo ili zisikwaruze sarafu ya jirani, na hukaguliwa kila mwaka. Visanduku vigumu vilivyofungwa na kampuni za kupima ubora wa sarafu, kama PCGS iliyoanza kazi Marekani mwaka 1986 na NGC iliyofuata mwaka 1987, huzuia mikono na mikwaruzo vizuri sana, lakini havizuii hewa kabisa, na mwenye navyo pwani bado anahitaji ukavu.

Mbao nazo hupumua. Mwaloni hutoa mvuke wa asidi ya siki, na mbao za vumbi lililogandishwa kwa gundi, ambazo leo ndizo zinazotengeneza makabati mengi ya bei nafuu, hutoa formaldehidi na asidi zake. Mafundi wa Ulaya waliotengeneza makabati ya sarafu walichagua mahogani kwa sababu mvuke wake ni mdogo. Sanduku la Kizanzibari lenye njumu za shaba ni zuri kulitazama, na kama lina harufu ya kafuri au limewekwa vidonge vya kufukuzia nondo libaki kuwa la nguo. Baadhi ya vidonge hivyo hutengenezwa kwa kampaundi yenye klorini. Chaguo la busara kwa nyumba ya kawaida halina fahari yoyote: ni boksi la chakula la polipropilini, namba 5, lenye kifuniko cha kubana na ukanda wa mpira wa silikoni.

Ndani ya boksi hilo huwekwa jeli ya silika, zile chembe zinazokuja katika vifuko vidogo ndani ya maboksi ya viatu na redio. Chembe hizo zina matundu mengi yasiyoonekana, na hufyonza mvuke hadi karibu theluthi ya uzito wake, lakini zikishiba hazifanyi chochote zaidi, na wengi huweka kifuko kimoja na kukisahau kwa miaka kumi wakidhani kinafanya kazi. Njia rahisi ya kujua hali yake ni mizani ndogo ya jikoni: kifuko kilichokuwa na gramu 50 kikiwa kikavu, kikisoma gramu 60, kimechoka. Zipo pia chembe zinazobadili rangi zikilowa. Zile za buluu zina kloridi ya kobalti, ambayo ni sumu, kwa hiyo za rangi ya chungwa zinapendekezwa. Hurudishiwa uwezo kwa kumwagwa kutoka kifukoni na kupashwa moto katika oveni ya nyuzi 120 hivi za Selsiasi kwa saa mbili au tatu, kisha zikafunikwa mpaka zipoe, kwani zikiachwa wazi juu ya meza wakati wa masika huanza kulowa palepale. Mchele, unaosifiwa sana kwa kukausha simu zilizotumbukia majini, haufai: hufyonza kidogo, hutoa vumbi la wanga na huwaita wadudu. Kipima unyevu kidogo cha kidijitali kilichowekwa ndani ya boksi huondoa kubahatisha kote, na gharama yake ni ndogo kuliko ya sarafu yoyote inayostahili kulindwa.

Boksi huwekwa katika kabati lililo kwenye ukuta wa ndani, juu ya usawa wa sakafu, mbali na jiko na bafu, na kamwe si darini chini ya mabati, ambako joto la mchana na baridi ya usiku hupishana. Chumba chenye kiyoyozi kina hewa kavu zaidi, ila kina mtego wake: sarafu iliyopoa humo ikitolewa ghafla barazani hutokwa na umande, kwa hiyo boksi huachwa likiwa limefungwa mpaka lilingane na joto la nje. Sefu za kuhimili moto zina mtego mwingine usiojulikana na wengi. Kuta zake hujazwa vitu vyenye maji ndani yake, na maji hayo ndiyo yanayopoza sefu wakati wa moto. Katika siku za kawaida sehemu yake huvuja kama mvuke na kuifanya hewa ya ndani iwe na unyevu mwingi kuliko ya chumbani. Anayeitumia aweke sarafu humo zikiwa ndani ya maboksi yaliyobana, na jeli aibadilishe mara nyingi zaidi.

Kuhusu mwizi hakuna mengi ya kusema. Ukimya ni kinga ya kwanza, na sanduku la benki, pale huduma hiyo inapopatikana, ni kinga ya pili. Kinachosahaulika ni daftari. Kila sarafu hupewa namba inayoandikwa kwenye bahasha yake, kamwe si juu ya sarafu, na katika daftari huandikwa uzito hadi sehemu ya kumi ya gramu, kipenyo, mwaka, hali, mahali ilikotoka na bei iliyolipwa, pamoja na picha za pande zote mbili zilizopigwa kwa mwanga wa ubavuni, ambao hudhihirisha mikwaruzo ya pekee inayoitambulisha sarafu hiyo polisi au mahakamani. Nakala ya daftari hukaa nyumba nyingine. Faida yake kubwa huonekana mwenyewe anapofariki, kwani makusanyo mengi zaidi yametawanywa na warithi wasiojua kuliko na wezi. Rupia 15 za Tabora na heller 20 za shaba ya manjano zote ni za njano na za mwaka 1916, na mnunuzi wa vyuma chakavu hana sababu ya kumweleza mjane tofauti yake.

Safu ya mahali ilikotoka ina uzito wa kisheria pia. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo ilifanyiwa marekebisho mwaka 1979, huvilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na Kenya, sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 huvihesabu kuwa vya kale vitu vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Kuvitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Rupia ya Kijerumani ya mwaka 1910 iko nje ya mipaka hiyo. Sarafu ya sultani wa Kilwa iko ndani kabisa, na aliyeiokota ufukweni baada ya mvua kuumomonyoa ukingo wa magofu anatakiwa aipeleke kwa ofisi ya mambo ya kale ya eneo lake ikiwa bado na udongo wake, haijalowekwa wala kupigwa mswaki, pamoja na maelezo ya mahali hasa ilipokuwa imelala.